Mvuke wa Embe kwenye Foleni

Juzi, kwenye foleni ya hospitali hapa Lushoto, mzee mmoja mkulima wa kabichi kutoka Gare alikuwa anapuliza mvuke wenye harufu ya embe. Mkononi alishika sigara ya umeme. Nesi kijana akamjia juu.

"We mzee, zima hiyo! Huoni aibu?"

Mzee akaitia mfukoni taratibu. "Kuzima nimezima. Shikamoo yangu iko wapi?"

Nesi akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Sigara nilianza kabla hujazaliwa. Kikohozi changu kilimhamisha mke wangu chumbani. Tangu binti yangu aniletee kidude hiki, sigara sijagusa, na mama yake amerudi chumbani. Aibu ya nini?"

"Lakini hicho nacho kina nikotini, baba. Kitakushika vilevile."

"Najua. Ndiyo maana nimepanga foleni. Nataka daktari anisaidie niachane na hiki pia. Au niondoke?"

Nesi akamshika mkono, akampitisha mbele yetu sote tuliokuwa tumeshamcheka. Nikatazama benchi letu lote: hakuna mwingine aliyekuja kuacha kitu.