Magauni Yote Yakatwe Mapana

Saa mbili asubuhi, Katuba, Lubumbashi. Mshonaji Hortense Mbuyi anamgonga msichana tumboni kwa vidole, kama mtu anayebisha mlango. Ko, ko, ko. Ni plastiki ngumu.

"Sawa. Leo uko nayo," anasema, kisha anamzungushia tepu ya kupimia. Wanacheka wote wawili.

Mwaka jana hapakuwa na kicheko. Abigaëlle Paluku, mwenye miaka kumi na mitatu, ana uti wa mgongo unaopindia upande. Daktari alimpa korseti, gamba la plastiki la kushikilia mgongo, ya kuvaa mchana na usiku hadi atakapomaliza kurefuka. Akiivua ovyo, mgongo huenda ukazidi kupinda hadi apasuliwe.

Mama Hortense ndiye anayeishonea kwaya anamoimba Abigaëlle sare za Pasaka. Mtindo uliochaguliwa mwaka jana ulikuwa wa kubana kiuno, basi Abigaëlle akaja kupimwa bila korseti. Alikuwa ameificha chini ya kitanda. Fundi akaona bega moja limepanda, akamwuliza taratibu. Mtoto akalia, akasema heri apinde kuliko kuwa tofauti na wenzake siku ya sikukuu.

Kumshonea peke yake gauni pana kungekuwa kumtangaza. Mama Hortense akaenda mazoezini, akawaambia wasichana wa kwaya, bila kumtaja mtu, kwamba wote watavaa mapana mwaka huo. Walinuna kwelikweli. Mmoja alisema wataonekana wajawazito.

"Nilibaambia, kama moya anavaa kubwa, bote bavae kubwa. Ile njo maana ya kwaya," anasimulia.

Jamani, ubishi wa mama huyu! Hakuna aliyemweza.

Pasaka ikafika, Abigaëlle akaimba na korseti yake ndani, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Tangu hapo huivua kwa kuoga tu. Mama Hortense humshonea pia singleti za pamba zisizo na mshono ubavuni, plastiki isimchubue wakati wa joto. Picha ya eksirei ya mwezi uliopita imeonyesha mgongo haujazidi kupinda, na daktari ameridhika.

Juu ya kabati la fundi kuna kipande cha kitambaa kile cha Pasaka. Wateja wamekiulizia, hakiuzwi. Siku daktari atakaposema imetosha, fundi atakitumia kumshonea Abigaëlle gauni la kubana.

Msichana anasikiliza, anatikisa kichwa.

"Siyo mie peke yangu, mama. Utatushonea bote."

Kipande hicho hakitoshi kwaya nzima. Mama Hortense anasema kingine atakitafuta.