Aliyetushikia Eriali

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja hata kikombe cha busaa. Walioliona pamoja nami wengine bado wako hai, ingawa ukiwauliza watajifanya hawakusikii.

Watu wa rika langu tukikutana harusini au matangani, mazungumzo hayakosi kufika kwenye televisheni ya zamani. Mmoja atakumbuka zile familia za vichekesho, yule baba anayenguruma kama simba lakini mkewe akiingia sebuleni ananywea, na watoto wenye majibu ya mkato. Tunacheka mpaka machozi yanatoka. Halafu lazima atokee mtu aulize, "Na ile ya watu waliopotea, mnaikumbuka? Ile ya mafumbo ambayo hakuna mtu alijua jibu?" Hapo mimi huinuka nikajifanya naenda kuongeza chai.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi msaidizi katika kiwanda cha majani chai, upande wa Kericho. Kwetu ni Merigi, lakini niliishi laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu katikati ya mashamba. Televisheni ya laini yetu ilikuwa yangu, nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari. Jioni za vipindi nyumba ilijaa mpaka mlangoni, Wakipsigis na watu wa ziwani, tumebanana kwenye mabenchi na soksi zetu mbichi zikinuka.

Shida ilikuwa eriali. Tulikuwa bondeni, na mlingoti wake ulihitaji mtu nje wa kuuzungusha. Kama uliishi enzi hizo unajua mambo yalivyokuwa: ukiushika picha inaingia safi, ukiuacha tu chenga zinarudi kwenye kioo. Mtu wetu wa kushika alikuwa Odhiambo, jirani yangu wa mlango wa pili, aliyefanya kazi chumba cha kukausha majani. Hakuna aliyemtuma. Alisimama nje kwenye baridi, ukungu umemfunika, akauliza kupitia dirisha, "Imeingia?" nasi tukamjibu, "Hapo hapo. Shika." Mara nyingi alishika hadi kipindi kiishe. Vichekesho alivisikia tu, na alicheka huko nje peke yake, akichelewa kidogo kuliko sisi. Nilimpenda sana mtu yule.

Jumamosi moja Odhiambo alienda kutafuta kuni kwenye msitu wa miti ya bulugamu, hakurudi. Tulimtafuta mtoni, tukaingia kila kichaka. Polisi wakaja, wakaandika, wakaondoka. Hata kiatu chake hatukukiona.

Miezi ikapita, na kaka yake mkubwa akaja kutoka ziwani. Kwao, mtu akipotea na mwili usipatikane, huchukuliwa tunda la mti wanaouita yago, tunda refu, zito, likazikwa kaburini mahali pa mtu, na watu wakalia kilio chote. Hapo ndipo aliyepotea hupumzika. Mkewe Odhiambo, Mama Achieng, alikataa katakata.

"Siwezi zika tunda na pengine bwana yangu ako hai," alimwambia shemeji yake mbele yangu. "Akirudi akute kaburi yake, nitamwambia nini?"

Kaka akaondoka kwa hasira. Mama Achieng naye akaanza kuja kwangu kila wiki kutazama ile ya waliopotea. Vichekesho hakuvijali tena. Alikaa benchi la mbele, na ikitokea mtu amepatikana hai baada ya miaka, alinigeukia, maana nami aliniita shemeji kwa ujirani, na kusema, "Umeona, shemeji?" Niamini, maneno hayo yalinichoma kila mara.

Sasa sikiliza. Jioni moja, saa moja hivi, mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha na ukungu umeshuka hadi dirishani. Kipindi cha waliopotea kikaanza, chenga tupu. Hakuna aliyetaka kutoka nje. Tangu Odhiambo apotee tulitazama hivyo hivyo tu. Mara picha ikaanza kujikusanya. Ikapotea, ikarudi polepole, vile inavyofanya mlingoti ukizungushwa na mtu anayejua kazi. Ikatulia, safi kabisa.

"Imeingia?" sauti ikauliza dirishani.

Nami, kwa mazoea, nikajibu, "Hapo hapo. Shika."

Ungefanya nini wewe? Mdomo ulitangulia, akili ikabaki nyuma. Kila mtu akamtazama mwenzake, na ndipo tukatambua kwamba sote tulikuwa ndani.

Mama Achieng alikuwa ameshafika mlangoni. Nilimfuata na tochi, wengine nyuma yangu. Odhiambo alikuwa pale, amevaa koti lile lile la kazi aliloondoka nalo, mikono yote miwili kwenye mlingoti, uso ameuelekeza juu. Amekonda. Hakututazama hata mwanga ulipompiga.

"Imeingia?" akauliza tena, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

Mkewe alisogea karibu, akasimama. "Baba Achieng, ulikuwa wapi? Watoto wanakuuliza. Unasikia baridi?" Yeye akarudia lile lile, imeingia, kana kwamba hakubakiwa na neno lingine. Hapo nikajua Mama Achieng amekata tamaa ya kumrudisha. Akamwambia taratibu, vile unavyomwambia mtoto aliyesinzia mezani, "Imeingia. Kipindi imeisha. Wachilia sasa, uende upumzike."

Akaachilia. Ndani ya nyumba chenga zikarudi. Odhiambo akageuka, akaingia katikati ya majani chai kuelekea kwenye bulugamu, na hatukumwona tena. Hakuna aliyemfuata. Wewe ungemfuata?

Niliupapasa ule mlingoti. Wote ulikuwa ukitiririka maji, isipokuwa pale alipokuwa ameshika. Pale palikuwa pakavu.

Asubuhi Mama Achieng alisema kaka ya mumewe aitwe, tunda lizikwe. Nilisafiri nao hadi ziwani. Kaburi lilichimbwa urefu wa mtu, tunda likafunikwa shuka na kulazwa ndani, watu wakalia kilio cha kweli, nami nililia. Sauti ile haikusikika tena. Televisheni nilimpa mtu wa Ndanai bila kumweleza lolote.

Ningependa kisa kiishie hapo. Lakini mwaka jana nilikwenda hospitali ya Longisa kumwona mgonjwa, nikamkuta Mama Achieng kwenye benchi, amezeeka, naye amekuja kumjulia mtu hali. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Kisha akanishika mkono.

"Shemeji, wewe ndio ulikuwa na tochi. Ulimwona vizuri?"

"Nilimwona."

"Alikuwa amekufa?"

Hakungoja nijibu.

"Mimi najiuliza kila siku," akasema. "Kama alikuwa mzima, kichwa tu imechanganyikiwa huko msituni, akajikokota mpaka nyumbani. Na mimi nikamwambia aende."

Nilimwapia kwamba ule ulikuwa mzimu. Nikamweleza habari ya mlingoti na pale mahali pakavu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia miaka hiyo yote. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akatikisa kichwa.

"Mkono ya mtu hai pia inazuia mvua, shemeji."

Tangu siku hiyo sina usingizi wa maana. Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza: ukisikia sauti unayoijua ikiuliza kitu nje, hesabu kwanza walio ndani kabla hujajibu. Na ikiwa umeshajibu, ukatoka ukamkuta, basi hata uogope vipi, mshike mkono ujue kama una joto. Sisi tulikuwa nyumba nzima, na hakuna aliyemgusa.