Siku Walipomfuata Mtu Hekaluni

Kwa miaka mingi nilimpelekea maziwa bibi mmoja wa Kihindi mjini Shinyanga, lakini hekalu lao la Shiva nililijua kwa nje tu: ukuta, geti la chuma, na kilele kilichojengwa enzi za babu zao walionunua pamba yetu. Jumatatu moja mgongo ulimuuma. Akaniambia pale getini, "Baba, leo niingizie maziwa ndani mwenyewe. Vua viatu tu."

Nikavua, nikaingia na debe langu. Mbele ya jiwe jeusi wanalolimwagia maziwa lililala dume la ng'ombe la kuchongwa, na nundu yake. Mimi Msukuma nimekulia zizini. Nikalishika pembe nikacheka.

"Kumbe na nyie mnamheshimu hivi?"

"Huyo ndiye anayembeba Shiva," akajibu.

Hapo geti likabamizwa. Mwanamume akaingia mbio, damu ikimchuruzika sikioni, akalikumbatia lile dume shingoni. Nyuma yake kundi la watu. "Mwizi wa pikipiki! Mtoeni!"

Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. La pili lilimpasua jicho. Alipiga yowe, "Mayu! Mayu!" akimwita mama yake. Bibi akajitupa juu yake.

"Hapa hauawi mtu! Niueni mimi kwanza!"

Waliokuwa mbele wakasita. Mmoja hakusita. Alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, mchimbaji wa dhahabu kule Segese aliyekuja kwangu Ngokolo kupumzika. Alishusha rungu, likampata bibi mkononi. Nikasikia mfupa ukilia.

Sikumwita jina. Nilinyakua debe la maziwa nikampiga nalo usoni, meno yakamtoka. Alipoanguka nikamkalia kifuani nikaendelea kupiga, maziwa na damu vikitapakaa sakafuni. Nakiri, wakati ule nilitaka afe. Walionivuta ni wale wale waliokuja kuua.

"Mzee, acha! Utamuua ndugu yako!"

Polisi walipofika, wengi walikuwa wametoweka. Majeruhi wote watatu walipelekwa hospitali ya Kolandoto. Yule mwanamume akapoteza jicho moja. Mkono wa bibi uliunga, lakini umepinda. Pikipiki yenyewe ilionekana jioni ile ile: shemeji wa mwenye mali aliichukua bila kuaga.

Mdogo wangu alishtakiwa, akafungwa. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, mdomo umebonyea.

"Shikamoo, kaka."

Sikuitikia. Nikamuuliza, "Yule mtu alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Niliona watu wanakimbia na mawe, na mimi nikakimbia."

"Na bibi?"

Aliinamisha kichwa. "Sikumwona, kaka. Nakuapia, nilikuwa simwoni mtu."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana mimi pia nilipokuwa juu ya kifua chake nilikuwa simwoni ndugu. Nikampisha apite ndani. Mke wangu akatenga ugali, tukanawa. Tulikaa na sinia katikati yetu, na hakuna aliyemega.