Macho Chini

Jana, uwanjani Al Nahda, nilimwona baba mmoja amepiga goti, akimshikia bintiye mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai, ili aupige teke. "Macho chini, mwanangu. Usiinue kichwa."

Baba yangu alinifundisha vivyo hivyo, nyasi za plastiki zikinuka jua. Nilipiga, nikabaki nimeinama, naye akaniambia: "Umepita katikati ya milingoti! Yalla, haya, mwingine!" Nilimwamini.

Alasiri ya majaribio ya kuingia timu, mbele ya wasichana wenzangu, nilipiga mipira minne. Kocha aliandika tu daftarini. Baba peke yake alishangilia: "Umepita!"

Wa tano niliinua kichwa. Ulikuwa ukibiringika mbali na milingoti.

"Umepita!" alisema baba.

Tangu siku hiyo, kila aliponisifu, nilitazama mwenyewe kwanza.