Amina ya Besi

Oswaldi wa Majengo, mwenye duka la kutoa kopi, ndiye anayeandaa nota za kwaya kwa kompyuta, na hachoki kukukumbusha. Kila wimbo ameukata vipande: alto faili lake, besi faili lake, maneno faili lake. Akatunga na programu ya kumpunguzia kazi: akigusa faili moja, inapanga upya kurasa zinazolitumia tu, nyingine inaziacha. Itazijuaje? Oswaldi kaiandikia orodha kwa mkono. Na huyo Oswaldi kwa kusahau, hajambo!

Wakati wa Pasaka alisahau kuorodhesha alto ya wimbo mmoja. Mwalimu wa kwaya, Adela, alikuwa ameirekebisha, lakini programu ikaona hakuna jipya, ukurasa ukatoka na alto ya zamani. Nusu ya alto wakaimba kitabu, nusu wakaimba walivyofundishwa. Weee! Padri alikohoa mpaka wimbo ukaisha.

"Tunakwenda Matai kwenye tamasha," Mwalimu Adela akamwambia Oswaldi nje ya kanisa. "Kitabu kikikosewa tena, nota zinarudi kwa Mzee Loth."

Mzee Loth, aliyeandika nota kwa kalamu na rula miaka thelathini, alikuwa palepale, anatabasamu. Oswaldi alitamani ardhi ipasuke.

Wiki nzima akakaa anahakiki orodha, ulezi unamngoja shambani. Mkewe Edith akamtazama mpaka akachoka.

"Baba Herieth, nikipika, wewe ndiye unayeandika nimeomba chumvi kwa nani?"

"Nitajuaje mimi?"

"Basi! Anayejua ni mpishi. Huo wimbo ukijipanga, si uandike wenyewe umegonga mlango wa nani?"

Oswaldi akaona wivu, maana Edith hajawahi kugusa kompyuta. Akaifundisha programu: kila inapopanga wimbo, iandike yenyewe kila faili inalolifungua, na mara ijayo iyaangalie yote hayo. Orodha yake akaichana.

Siku mbili kabla ya safari, Mwalimu Adela akaikata Amina ndefu ya besi: mapigo manne yakawa moja. Oswaldi akarekebisha faili, akabonyeza. Ukurasa mmoja ukapangwa upya, hamsini na tisa zikatulia. Akachapa vitabu huku anapiga mluzi.

Huko Matai, kwaya ikaimba safi. Alto sawa, teno sawa. Oswaldi, mwimba besi tangu ujana, alikuwa amekibana kitabu kwapani. Wimbo kauchapa mwenyewe, aufungulie nini? Akafumba macho kwa furaha. Kwaya ikasema Amina, ikanyamaza. Oswaldi akaendelea. Peke yake, mapigo matatu mazima, kwa sauti nene. Alipofumbua macho, Mzee Loth alikuwa amejifunika uso kwa kitabu, mabega yanatikisika.

"Kitabu hakina kosa hata moja," Mwalimu Adela akasema nje, anajikaza asicheke. "Nota zitabaki kwako."

Oswaldi akashusha pumzi. Edith akakichomoa kitabu kwapani mwake, akakifungua ukurasa ule, akamshikisha.

"Hongera, Baba Herieth. Sasa kimebaki kichwa chako. Nacho kipange upya."