Mkono Uliofuata Mwenzake

Mdogo wangu wa kike hakujua kucheza, na katika parokia yetu ya Butembo hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kutojua kusoma. Kwetu, misa bila bajoyeuse ni misa ya siku ya kazi. Ndio wale mabinti wenye nguo nyeupe na utepe kiunoni wanaocheza mbele ya altare: hatua kuume, hatua kushoto, mkono mmoja unapanda, mwingine unashuka, taratibu, mpaka wimbo uishe. Mama alikuwa mmoja wao utotoni mwake huko Kipese, na nadhani alianza kuwaza rangi ya utepe siku ileile aliyomzaa binti yake.

Shida ilikuwa mkono wa kushoto. Mdogo wangu akiinua wa kuume, wa kushoto nao ulitaka kupanda. Haukufika juu. Ulijinyanyua kidogo tu, vidole vikijikunja na kujikunjua pamoja na vya mwenzake, hata akijaribu kuuzuia. Akiambiwa ageuke kuume aligeuka kushoto, akagongana uso kwa uso na jirani yake. Mwalimu wao wa kucheza, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alisimamisha ngoma.

"Nilisema mukono moja! Hii ingine nani ameiita?"

Wasichana walicheka, na mdogo wangu alicheka nao. Alikuwa mcheshi. Kipaji chake kilikuwa kuiga watu, na jioni hiyohiyo alimwigiza yule mwalimu mbele yetu, sauti, kiuno, kikohozi na vyote, mpaka baba akashindwa kumeza ugali. Alimwiga padri vilevile, na hata jirani yetu aliyekuwa anaongea na mbuzi wake. Ukifumba macho ulidhani mtu mwenyewe ameingia ndani.

Mama hakucheka. Alichana kipande cha kitenge kilichochakaa, akaufunga mkono wa kushoto wa mwanawe kiunoni, ili ule wa kuume ujifunze peke yake.

"Mukono hii iko na kichwa nguvu," alisema. "Tutaifundisha."

Ndivyo alivyofanya mazoezi uani kwetu kwa majuma mengi, mkono mmoja hewani, mwingine umefungwa kama kuku wa sokoni. Kitambaa kilipofunguliwa, mkono ulirudi kufanya yaleyale. Mwishowe walimtoa kwenye kucheza, wakampa kikapu cha sadaka akibebe, na akakibeba vizuri.

Kulikuwa na mambo mengine, madogo madogo. Kutwanga sombe, majani ya muhogo, watu wawili katika kinu kimoja kulimshinda. Michi iligongana, na mama akamaliza peke yake akinung'unika. Ukimtuma akutolee ufunguo mfukoni mwa koti, hakuupata kwa kupapasa, hata kama alikuwa ameushika. Ilibidi amwage kila kitu mezani aangalie kwa macho. Tulimtania. Naye alitutania zaidi, kwa hiyo hesabu zilikuwa sawa.

Watu wananiambia leo kwamba kila kitu kilikuwa wazi. Upuuzi. Nyumba gani ya Butembo haina mtoto wa kuvunja sahani? Nakasirika nikisikia hivyo, labda kwa sababu na mimi usiku najiambia hivyohivyo.

Kisha waasi waliingia, na wengine wakaja kuwapiga waasi, na sisi raia tukaacha kujua nani ni nani. Baba alibaki Butembo na mboga zake za kuuza. Mama, mdogo wangu na mimi tulipelekwa Beni, kwa mjomba, katika mitaa ya Beu, kwa sababu ilisemekana huko kumetulia. Mdogo wangu alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, na mama alishaanza kupokea salamu za watu wenye vijana wa kuoa.

Njiani tulisimamishwa kwenye barriere, kizuizi cha askari. Walikuwa wanatafuta mikononi mwa watu chanjo za mai-mai, alama za dawa wanazochanjwa wapiganaji wa msituni. Mmoja alimwambia mdogo wangu atoe mkono wa kuume. Alitoa wa kushoto. Akakumbuka, akatoa wa kuume, na wa kushoto ukabaki juu.

"Ozoseka ngai?" askari alimuuliza, yaani, unanicheka? Akampiga kofi akaanguka kwenye matope.

Mama alipiga magoti, akaomba kwa Kiswahili, kwa Kinande, na kwa Kilingala chake cha kuokoteza sokoni. Tuliachwa tupite. Njia nzima mpaka Beni mdogo wangu hakumwiga yule askari. Mimi nilikuwa nangoja amwige. Ndiyo ilikuwa dawa yetu ya kila kitu.

Huko Beu alianza kukaa ukutani, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anayesikiliza redio ya jirani. Alisema kuna mtu juu ya dari, anamwambia ainue mkono, ashushe mkono. Aliacha kuoga. Alikataa chakula cha mama na kusema kimetiwa kitu. Mama alishika tama, akatoa hukumu yake.

"Ni ile kofi. Ile soda ndiye aliniharibia mutoto."

Wote tulikubali kwamba ni yule soda, yule askari. Lilikuwa jambo rahisi kukubali, maana kofi tuliliona kwa macho yetu. Na kwa kuwa mtu wa kofi aliingia kichwani mwake, ilibidi atolewe. Mke wa mjomba alijua chumba cha maombi ambako watu wanafunga na kukemea pepo, na mama, Mkatoliki aliyekuwa hawezi kupita mbele ya kanisa bila kupiga alama ya msalaba, alimpeleka huko. Walikaa msimu mzima wa mvua, na kiangazi, na mvua nyingine ikawakuta hukohuko. Walimfungisha chakula mtu aliyekuwa ameshaacha kula. Nikipeleka sabuni nilimkuta amekonda, midomo inacheza bila sauti, na mama pembeni akinihakikishia kwamba leo amelala vizuri. Huo wakati ndio unaoniuma. Mengine naweza kuyaeleza kwa vita.

Alipoanza kuanguka kwa udhaifu, padri mmoja wa Beni alimwita mama, akamwonyesha nyumba ndogo nyuma ya dispensari ambako muuguzi alipokea wagonjwa wa kichwa, yaani wa akili. Nilienda nao. Muuguzi alikuwa mtu wa maneno machache, aliyechoka kama sote. Aliuliza kwanza kuhusu sauti na usingizi. Kisha akamwambia mdogo wangu agongeshe vidole vya mkono wa kuume kimoja kimoja kwenye dole gumba. Wa kushoto ukafuata, mapajani mwake, kidole kwa kidole. Akamwambia afumbe macho, akamtia ufunguo kiganjani, amwambie ni nini. Hakujua.

Kila jaribio la yule mtu tulikuwa tumeliona nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa amechoka, akakataa kuendelea. Ili kumtia moyo nilikaa karibu naye, nikaanza kugongesha vidole vyangu. Muuguzi aliangalia mkono wangu mwingine. Nami nikauangalia. Ulikuwa unacheza wenyewe. Mimi, mvulana, hakuna aliyewahi kunitaka nicheze mbele ya altare wala nitwange sombe, kwa hiyo hakuna aliyejua, hata mimi.

"Na huyu?" mama aliuliza, akinionyesha.

"Mama, batu mingi biko na mikono kama hii na habagonjwe hata siku moja. Zaidi sana bandugu ya mugonjwa. Haituambie mutu atakuwa nani. Inatuambia tu tumuangalie karibu."

"Donc ni miye? Juu nilifungaka ule mukono?"

"Hapana. Kufunga haikuleta ugonjwa. Mukono ilikuwa inaonyesha tu kitu yenye iko ndani toka zamani. Vita ikakuja kusukuma. Mais mungemuleta mbele, mapema, kazi ingekuwa mwepesi."

Mama alisikia maneno ya mwisho tu. Aliyabeba mpaka alipokufa. Dawa zilisaidia, siku ambazo barabara iliruhusu dawa kufika. Mtu wa dari alishusha sauti, mdogo wangu akala, akaoga, akaanza kuitikia akisalimiwa. Lakini kuiga watu hakukurudi. Sauti yake ikawa moja tu, bapa, ya mtu anayesoma tangazo. Hakuna aliyetuma tena salamu za kuoa, na mama aliacha kuzitaja.

Sasa tunakaa Butembo, upande wa Rughenda, naye anaishi nyumbani kwangu. Nina binti. Nilikuwa na tabia, mke wangu aliichukia, ya kumkodolea mtoto macho kila akishika kitu: akichambua maharage, akisuka nywele za rafiki yake, akifunga kamba za viatu. Kiganja cha pili kikitikisika, usingizi wangu wa usiku huo umekwisha.

Mchana mmoja walikuwa wanachambua maharage pamoja, shangazi na mtoto, nami nimesimama mlangoni nikitazama. Binti yangu alipoingia ndani kutafuta sufuria, mdogo wangu, ambaye huniita yaya kama tuitavyo kaka wakubwa, alisema bila kuinua kichwa:

"Yaya, unaangalia nini?"

"Mikono yake."

"Hata yangu baliangaliaka. Mama, ule mama wa kucheza, soda, munganga wa dispensari. Bote mikono, mikono." Aliokota punje iliyooza, akaitupa. "Ile sauti ilianzaka mbele ya kofi. Tukiwa bado hapa Butembo, nikiwa nabeba kikapu ya sadaka. Ningesema. Hakuna mutu aliniuliza."

Nilikaa chini karibu naye. Mama alikuwa ameshakufa akimlaani yule askari. Nilimuuliza, baada ya miaka yote hiyo, ile sauti ilikuwa inamwambia nini.

Alinitazama usoni, akijitahidi kweli kunisaidia.

"Sasa nimesahau, yaya," akasema.