Kidole cha Zaryab

Simu ililia kabla ya adhana ya alfajiri. Tufail Ghumman aliipokea akiwa bado ndani ya blanketi, maana baridi ya Lahore mwezi wa Desemba haina huruma, na gesi ya kuotea moto ilikuwa imekatika tangu jioni. Alijua ni nani. Tangu Zaryab aitwe timu ya taifa ya kriketi, hakuwahi kuingia uwanjani kabla ya kumpigia Tufail, ustadhi wake aliyemfundisha kudaka, amwombee dua.

"Asalaam aleikum, Ustadh. Niombee."

"Waaleikum salaam. Mbona sauti imepoa?"

Huko Melbourne kulikuwa kumekucha zamani, na nyuma ya sauti ya kijana Tufail alisikia wenzake wakibeba mifuko kuelekea kwenye basi.

"Kidole cha pete, Ustadh. Mpira wa mwisho wa jana umekigonga nchani. Nimekisikia kabisa kikilia. Nimekifunga na jirani yake, glavu itaficha."

"Daktari wa timu anasemaje?"

"Hajui."

"Mwambie, mwanangu."

"Nikimwambia anaingia yule wa akiba, wa Karachi, na mimi ndiyo basi. Wewe mwenyewe unajua. Usimwambie mtu, Ustadh, hata mama. Niahidi."

Tufail akautazama mkono wake wa kulia ulioshika ukingo wa blanketi. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kama ndoano. Akaahidi, kisha akasoma dua, na kijana akaitikia amina kwa haraka, kama mtu anayeogopa kuachwa na basi.

Zamani Tufail naye alikuwa mdakaji wa timu ya taifa, yule anayechuchumaa nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu, kudaka mipira inayompita mpigaji. Alicheza mechi nne tu. Kabla na baada ya hizo nne alikuwa karani wa benki, kwa sababu zama zile mabenki ndiyo yaliyokuwa na timu, na mchezaji alipewa meza na kiti hata kama hajui kuhesabu noti. Katika mechi ya nne kidole kilivunjika, akakificha ndani ya glavu, akaangusha mipira mitatu. Watoto wa mtaani kwake Samanabad walimtungia wimbo. Kidole kiliunga vibaya, na hakuitwa tena. Alipostaafu alianza kufundisha vijana kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba yake, na baadaye televisheni moja ikamwita akalie kiti cha tatu katika kipindi cha baada ya mechi. Kiti cha kwanza ni cha mtangazaji, cha pili ni cha nyota, cha tatu ni cha mtu wa kutikisa kichwa.

Alikuwa amechoka nacho. Timu ilikuwa inashindwa kila mwezi, na yeye alikuwa akisema maneno yale yale akiwa amebadilisha shati tu.

Siku hiyo walishindwa tena, karibu na saa nne asubuhi, tena kwa namna ya kuumiza. Waaustralia walikuwa wamebakiza wapigaji wawili na mikimbio, yaani alama, mingi ya kutafuta. Mpira ukagusa ubao wa mpigaji, ukaenda moja kwa moja kwenye glavu za Zaryab, mpira ambao hata mtoto angeudaka na kumtoa mpigaji, ukaanguka. Mpigaji yule yule ndiye aliyemaliza mechi. Nyumba za jirani zikapiga yowe kwa pamoja, kisha zikazima televisheni. Tufail aliona kile ambacho wengine hawakukiona, namna kijana alivyouvuta mkono wake kwapani. Akavaa koti, akaenda studio.

"Mikono ile ina matundu!" Babur Lodhi alikuwa tayari amewaka. Lodhi aliwahi kuwa mrushaji mpira wa kutisha. Sasa alikuwa na tumbo, miwani ya bei kali na kiti cha pili. "Wapelekee mama zetu wakachekechee unga! Hawa si wachezaji, hawa ni maharusi. Sisi tulidaka na vidole vimevunjika, kaka. Hawa ukucha ukikatika wanataka kukandwa!"

Mtangazaji, Adeel Kirmani, alicheka mpaka akapiga meza. Tufail akaushusha mkono wake wa kulia chini ya meza.

"Kaka Tufail," sauti ya Humaira, mwongozaji wa kipindi, ikamjia sikioni, "hujafungua mdomo tangu tuanze. Bosi anauliza kama kiti hicho kina mtu."

Adeel akamgeukia. "Huyu mdakaji ni kijana wako wa Samanabad. Tunajua utamtetea."

Kila mtu alijua hivyo, na ndivyo ilivyo desturi. Ustadhi humchapa mwanafunzi wake makofi nyuma ya nyavu za mazoezi, lakini mbele za watu hamgusi. Tufail aliona njia zake zote. Akitaja kidole, kijana ataadhibiwa kwa kuficha, na ahadi itakuwa imekwenda na maji. Akimtetea, Zaryab atacheza Sydney wiki ijayo, glavu ikiwa juu ya mfupa uliopasuka.

"Aondolewe," alisema.

Lodhi akavua miwani. "Umesema?"

"Mechi ya Sydney asicheze. Wala zile za mwezi ujao. Mikono yake haiko tayari."

"Mtu wako mwenyewe, Tufail? Mimi nilikuwa namtania tu!"

"Mimi sitanii."

Baadaye, kwenye korido, Humaira alimpigia makofi.

Alipofika nyumbani kipande kile kilikuwa kimeshatangulia kwenye simu za watu, na maandishi mekundu: ustadhi amkana mwanafunzi. Muuza mikate wa pembeni, ambaye humtania kila siku, alimfungia mkate bila kumtazama. Kisha akapiga simu Bibi Nasreen, mama yake Zaryab, mjane anayeshona nguo mtaa wa pili. Kila majira ya baridi, tangu alipomleta mwanawe kiwanjani akiwa na sahani ya vitamutamu, alimletea Tufail bakuli la halua ya karoti.

"Dada Nasreen..."

"Usiniite dada. Kila mwaka umekula halua yangu. Leo umekaa na wale mabwana wa miwani ukamuuza mwanangu, ili nawe uonekane una mdomo?"

Tufail akauweka mkate mezani.

"Sema basi! Kwenye televisheni ulisema."

"Sina la kusema."

"Karoti za mwaka huu nitawapa mbuzi," akasema, akakata simu.

Shakila, mkewe, alikuwa mlangoni na birika la chai. Alimmiminia, akamwongezea sukari ambayo daktari alimkataza.

Siku ya pili wateuzi walimtoa Zaryab, wakamwita yule wa Karachi. Asubuhi ya mechi ya Sydney simu haikulia. Tufail aliamka saa ile ile, akakaa kitandani akiwa na blanketi mabegani, mpaka akasikia adhana.

Timu ikashindwa tena, ikarudi. Televisheni zote zilionyesha uwanja wa ndege, ukungu, polisi na watu wakizomea. Zaryab alitoka wa mwisho, akisukuma toroli kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti.

Tufail akainuka, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Utaharibu macho," Shakila alisema. "Unatafuta nini?"

"Toa mkono, mwanangu," Tufail aliiambia televisheni. "Utoe."

Waandishi walimsonga kijana na maswali. Mama yake akapenya katikati yao na shada la waridi, akamvika. Ndipo mkono ukatoka mfukoni kumkumbatia: kidole cha pete kimefungwa bandeji nyeupe juu ya kipande cha chuma, kimenyooka, kazi ya daktari.

Tufail akarudi kwenye kiti chake taratibu. Simu ilikuwa juu ya meza, mbele yake. Haikulia siku hiyo, wala siku iliyofuata.